Kura Mbili za Jirani Yetu



Sisi tulio wauguzi tunawajua watu wanaokwenda kazini na homa. Si wakaidi. Siku bila kazi ni siku bila malipo, na mwenye nyumba hangoji mtu apone.

Ndiyo maana tulifurahi Novemba 2024, wapiga kura wa Missouri walipokubali kima cha chini cha mshahara kifike dola 15 kwa saa, pamoja na likizo ya ugonjwa yenye malipo: saa moja kwa kila saa 30 za kazi. Lakini Bunge la jimbo, ambalo wengi wa wajumbe wake walichaguliwa siku ileile, liliifuta likizo hiyo. Dola 15 zilibaki. Likizo ilianza Mei 2025, na mwisho wa Agosti haikuwapo tena.

Baadhi yetu tulisema, "Wamejitakia. Maskini anampigia kura anayemnyima." Maneno hayo sasa yanatusuta. Jirani yetu hakuwa mjinga. Siku moja aliulizwa maswali mawili: mshahara wake uweje, na nani anaiheshimu imani yake na mji wake. Aliyajibu yote mawili kwa dhati. Kumchagua mtu si kumkabidhi kinywa chako.

Waliofuta walisema waajiri wadogo wangelemewa. Hoja hiyo inastahili kusikilizwa. Lakini wananchi walikuwa wameshaulizwa, wakajibu. Mfalme Rehoboamu naye aliombwa awapunguzie watu nira. Akapuuza shauri la wazee, na ufalme ukagawanyika.

Tusiwanyoshee wabunge kidole kabla ya kujitazama. Sisi viongozi tulihamishia kikao cha kanisa Jumamosi asubuhi bila kuwauliza wanaotoka zamu ya usiku. Hawakuja, tukasema hawajali. Kumbe walikuwa wamelala. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, hata kama wanakaa benchi moja.

Wenye uraia, tujiandikishe na tupige kura. Wasio nao, wanaweza kumwandikia mjumbe wa eneo lao, kwa maana anawawakilisha wao pia. Nasi viongozi, leo baada ya ibada tutakaa na ndugu wa zamu ya usiku watuambie saa inayowafaa. Tutakuja bila ratiba mkononi.

Mungu atupe masikio kabla ya kutupa kiti. Amina.