Herufi ya Kutojua

Je, mtu akificha "sijui" yake, amesema uongo? Swali hili lilinijia mezani pangu, mbele ya waya nne na kipokezi cha GPS kidogo kuliko kiberiti.

Mpwa wangu ni mvuvi. Aliniomba chombo cha kumwonyesha mahali alipo akiwa baharini, nami nikaunga kipokezi na mikrokontrola, kimoja kiseme na kingine kisikilize. Siku ya kwanza kioo kilikuwa kitupu. Nikakilaumu kipokezi, kumbe nilikuwa nimeunga waya wa kutuma na wa kutuma mwenzake, yaani vinywa viwili vimeelekeana pasipo sikio. Nilipozivusha waya, yakamiminika maandishi ya ovyo. Nikakilaumu tena, nikakiita cha bandia. Kumbe chenyewe kilikuwa kikisema kwa biti 9600 kwa sekunde, nami nimeiamuru programu isikilize kwa 4800, mwendo wa kanuni ya zamani ya vyombo vya baharini. Mara mbili nilimwita mwongo msema kweli. Hayo ni makosa ya fundi, na fundi huyacheka.

La tatu silicheki. Katika sentensi ambayo kipokezi hutuma kila sekunde, ipo herufi moja ya hali: A ikiwa mahali pamejulikana, V ikiwa hapajulikani. Setelaiti ziko kiasi cha kilomita 20,200 juu yetu, na kipokezi huhitaji kusikia nne ili kipate mahali na kimo. Changu kikizikosa hakikubahatisha, kiliandika V. Mimi niliona V ile inachafua kioo. Nikaiambia programu: ikija V, ziache pale pale namba za mwisho. Nilitaka kijana apendezwe.

Usiku mmoja alikitia chombo ndani ya sanduku la bati kisilowe. Bati huzuia mawimbi ya setelaiti. Kwa muda wa saa nzima kioo kilimwonyesha pale alipotega nyavu, ilhali mkondo ulikwisha kumchukua mbali. Alipoona nyota hazikubaliani na kioo, akazifuata nyota, akafika alfajiri.

"Shikamoo mjomba," alisema, akikiweka chombo mezani. "Hiki kilijua kwamba hakijui?"

"Marahaba. Kilijua."

"Basi nani alikinyamazisha?"

Nilijitetea moyoni. Namba zile sikuzitunga. Zilipimwa kwa haki, na hata hesabu ya uhakiki iliyo mwishoni mwa kila sentensi ilikuwa sahihi. Lakini hesabu ile hupima tu kama maneno yamefika salama. Haiwezi kujua kwamba kweli ya saa mbili usiku inauzwa saa tatu kana kwamba ni mbichi. Na mwuzaji nilikuwa mimi, kwa nia njema kabisa. Kama vile tunavyomwelekeza mgeni njia tusiyoijua, kwa kuona haya kumwacha aende bila jibu. Mgeni hutembea jua kali kwa ajili ya adabu yetu.

Nimeibadilisha programu. Ikija V, namba hufutika, vikaonekana vistari pamoja na dakika zilizopita tangu mahali palipojulikana mara ya mwisho. Mpwa wangu hulalamika kwamba siku hizi chombo kina vistari vingi mno. Sanduku la bati amelifanya la kuwekea ndoana.