Wawili Wakigongana, Nani Ana Kosa?

Vijana wawili wanacheza mpira wa kikapu. Mmoja ana mpira, naye anakimbilia kikapu; wa pili, mlinzi, yuko njiani. Ghafula wanagongana, na mlinzi anaanguka chali. Watazamaji wa upande huu wanapiga kelele: «Amemsukuma!» Wa upande ule wanajibu: «Amemziba njia!» Filimbi imelia. Sasa mwamuzi hana budi kusema nani amekosa. Atajuaje?

Watu wengi humhurumia aliyeanguka. Tena mwamba ngoma huvutia kwake: kila mmoja huona haki upande wa rafiki zake. Lakini huruma si hukumu, wala makelele si ushahidi. Mtu aweza kuanguka kwa kosa lake mwenyewe. Kwa hiyo mwamuzi mwema haulizi kwanza: «Nani yuko chini?» Huuliza: «Mahali hapo palikuwa pa nani?»

Mchezo huu ulianzishwa na mwalimu James Naismith katika mji wa Springfield, Marekani, mwezi wa Desemba 1891. Aliwaandikia wanafunzi wake sheria 13. Sheria ya tano ilikataza kumpiga mwenzake kikumbo, kumshika, kumsukuma, kumkwaza na kumpiga. Aliyekosa mara ya pili alitolewa nje mpaka bao jingine lipatikane. Lakini ikiwa nia ya kumuumiza mwenzake ilionekana wazi, alitolewa kwa mchezo wote, wala hakuna aliyeshika nafasi yake. Basi tangu mwanzo mambo mawili yalitenganishwa: tendo la mwili na nia ya moyo.

Sheria za leo zaeleza tendo lenyewe kwa urefu. Kila mchezaji ana haki ya kusimama mahali popote uwanjani, mradi amepafikia wa kwanza bila kumgonga mwingine. Mlinzi huhesabiwa ameshika mahali pake kwa haki akimwelekea mshambuliaji uso kwa uso, na miguu yote miwili ikiwa chini. Baada ya hapo aweza kusogea kando au kurudi nyuma ili aendelee kumzuia. Mshambuliaji akimgonga kifuani hapo, kosa ni la mshambuliaji.

Je, mlinzi yampasa kumwachia mwenzake nafasi ya kusimama? Mwenye mpira hapewi nafasi hiyo, maana yampasa kutazamia kuzuiwa wakati wowote. Asiye na mpira huachiwa hatua moja au mbili, kadiri ya mwendo wake. Na yule aliyekwisha kuruka hewani? Huyo hawezi tena kusimama wala kugeuka. Kwa hiyo ana haki ya kushuka mahali palipokuwa wazi aliporuka. Anayejiingiza chini yake baadaye amekosa, hata kama ni yeye atakayeanguka na kuumia.

Haki ya mahali hupanda juu pia. Dikembe Mutombo, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1966 na kufariki mwaka 2024, alizuia mitupo zaidi ya 3,000 katika ligi kuu ya Marekani. Mlinzi akiruka wima, mikono yake ikiwa juu ya kichwa chake, hana kosa mshambuliaji akija kumparamia. Lakini akiiangusha mikono mbele juu ya mwenzake, ametoka katika nafasi yake na kuingia katika nafasi ya mwingine.

Lakini si kila kugusana ni kosa. Watu kumi wakikimbia katika uwanja wa mita 28 kwa 15, hawakosi kugusana. Mwamuzi hutazama kama mguso umemnyima mmoja haki yake, au umempa mwingine faida asiyostahili. Kama sivyo, hunyamaza. Naye, ili aone barabara, haufuati mpira kwa macho tu. Humtazama mlinzi, tena hutafuta mahali pa kusimama ambapo aweza kuona mwanya kati ya miili miwili. Asiyeuona mwanya huo hubahatisha.

Hapa pana swali gumu. Asiyekusudia ubaya, ana kosa? Kwa sheria ya mchezo, ndiyo. Mlinzi aliyechelewa nusu hatua huhesabiwa kosa, na katika michezo ya mataifa akifikisha makosa matano hutoka. Lakini hapaswi kuona haya: amekosa, hakutenda uovu. Kinyume chake, yuko ajitupaye chini bila kusukumwa, kusudi mwenzake ahesabiwe kosa. Sheria humwadhibu akitambuliwa. Asipotambuliwa, watu humpigia makofi; lakini amesema uongo kwa mwili wake, na mwenzake amebebeshwa hatia isiyo yake. Filimbi hupima miguu na mikono tu. Moyo hupimwa na dhamiri.

Mwamuzi naye ana dhamiri. Yeye ni mtu, hukosea. Akigundua amewaonea wa upande mmoja, hushawishwa kuwaonea wa upande wa pili, ili mambo yawe sawasawa. La hasha! Uonevu mara mbili hauzai haki. Huongeza tu idadi ya walioonewa. Linalompasa ni kuhukumu vema tendo linalofuata.

Hukumu hizi haziishii uwanjani. Nyumbani watoto wawili wakigombana, anayelia hukimbiliwa na mama, na mwingine huchapwa. Watu wazima wakishtakiana, mwenye sauti kubwa husikilizwa kwanza. Atakaye haki na atulie kidogo, aulize kama mwamuzi yule: mahali hapo palikuwa pa nani, na nani aliingia pasipo pake?

Aliyeanguka ainuliwe na kila mtu. Hukumu yake ingojee ukweli.