Haya Mbele ya Kisima cha Jirani

Maji yaliyo chini ya ardhi ni amana ngumu kuitunza. Hayana ukuta wala kufuli, na anayeyachafua aweza kulala usingizi mnono miaka kadhaa kabla jirani yake hajaonja tofauti. Kwa hiyo nawaomba tuyatazame yaliyowapata watu wa Dimock, kitongoji cha wakulima katika jimbo la Pennsylvania, Marekani.

Kazi yenyewe ya kuchimba gesi tuieleze kwa haki. Gesi ya huko imefungwa ndani ya mwamba mgumu, karibu kilomita 2 chini. Mchimbaji hushuka wima, kisha hupinda na kuufuata mwamba kwa ubavu, halafu husukuma humo mamilioni ya lita za maji yenye mchanga na kemikali, kwa shinikizo kubwa, mpaka mwamba upasuke na kuiachia gesi. Wenye kampuni husema kwamba kati ya nyufa hizo na visima vya kunywa mna matabaka mazito ya mawe, na si rahisi uchafu kuyapenya. Aghalabu husema kweli. Tatizo ni kwamba huishia hapo. Hawasemi kwamba bomba lenyewe limepita katikati ya maji ya kunywa likielekea chini, na kwamba saruji inayolizunguka ikiwa mbovu, gesi hupanda kando yake na kuingia kisimani. Hawayataji maji ya chumvi na kemikali yanayorudi juu, ambayo yakimwagika au yakivuja hayachagui pa kwenda. Nusu ya kweli, kwa anayeijua nusu ya pili, ni uongo uliovaa kanzu.

Siku ya mwaka mpya wa 2009 kisima cha nyumba moja hapo Dimock kililipuka kwa methani iliyojikusanya ndani. Wakaguzi wa jimbo walichunguza, wakaona kwamba gesi iliyoingia katika visima vya wenyeji imetokana na uchimbaji wa kampuni ya Cabot. Kampuni ilikana: methani, ikasema, ilikuwamo majini tangu kale. Hapa nasi tuwe na insafu. Methani ya asili ipo kweli katika maji ya sehemu ile, na anayechukua kila picha ya bomba la jikoni linalowaka moto akaifanya ushahidi, naye anaidhulumu kweli, hata kama nia yake ni kumtetea mnyonge. (Vivyo hivyo asitokee mtu wa kuwatisha watu wa Songo Songo na Mnazi Bay, huko Tanzania, kwa habari hizi, kwa kuwa gesi ya huko haitegemei upasuaji wa mwamba wa namna hii.) Lakini kesi ya Dimock haikuishia kwenye mashaka. Mwaka 2020 waendesha mashitaka wa jimbo waliifungulia kampuni mashitaka ya jinai, na Novemba 2022 mrithi wake, Coterra, hakupinga shitaka, akakubali kutoa zaidi ya dola milioni 16 ili wenyeji wavutiwe maji safi kwa bomba. Karibu miaka 14 ilikuwa imepita tangu ule mlipuko!

Saruji kupasuka ni ajali, na ajali humpata hata mwenye nia njema. Aibu ni yale yanayofuata: kukana kwanza na kupima baadaye, kuficha majina ya kemikali kwa kisingizio cha siri ya biashara, kumlipa aliyeumia kwa sharti kwamba afunge mdomo. Sheria nayo yaweza kumpa mtu kivuli. Sheria ya nishati ya Marekani ya mwaka 2005 iliuondoa upasuaji huu, isipokuwa ule unaotumia dizeli, katika masharti ya kulinda maji ya kunywa dhidi ya vimiminika vinavyosukumwa ardhini. Basi jambo likawa ruhusa. Je, likawa jema?

Tusiwanyoshee wenzetu kidole tukajisahau. Wangapi kati yetu tumechimba shimo la choo hatua chache tu kutoka kisima cha jirani, kwa sababu kiwanja ni chetu na hati tunayo? Tulijua, tukanyamaza, na watoto wake walipoumwa tumbo tukaenda kuwapa pole.

Pennsylvania hiyohiyo ilitunga mwaka 2012 kanuni ambayo mimi naiona ina haya ndani yake. Kisima cha maji kilicho ndani ya mita 760 hivi kutoka kisima cha gesi ya aina hii kikiharibika katika muda wa mwaka mmoja, mchimbaji huhesabiwa kuwa ndiye aliyekiharibu, mpaka alete ushahidi wa kujitoa, mathalani vipimo vya kabla ya kuchimba. Kwa hiyo mwenye nia safi hana sababu ya kuviogopa vipimo hivyo. Avichukue mbele ya jirani, na jirani apewe nakala mkononi kabla kekee haijagusa ardhi, wakati hakuna kati yao mwenye la kuficha.