Msiuze Faili Mkatokomea

Wanangu mnaouza elimu kwa simu, nawasemesha kwa sababu kazi yenu naithamini. Nimefundisha darasani mpaka kustaafu, na enzi zetu hakuna kijana asiye na jengo wala mtaji aliyeweza kupata wanafunzi wa Kigoma, Mombasa na Muscat kwa siku moja. Leo mnafungua kundi la WhatsApp, mnatuma namba ya kulipia, jioni darasa limejaa. Wazee wenzangu wanaosema elimu haiuzwi wamesahau kwamba tuisheni tumeilipia miaka nenda rudi. Kuuza maarifa ni kazi halali. Linalonitia hofu ni namna wengi wenu mnavyoyauza: mnatunga faili, mnalipwa, mnatokomea.

Faili halidumu na bei yake. Mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani, ambacho ada yake si ya mchezo, kilitangaza kuweka maandishi ya masomo yake kwenye intaneti bure. Mwaka huohuo Wikipedia, ensaiklopidia ya bure, ikaanza. Britannica, ensaiklopidia iliyoanza kuchapishwa Edinburgh mwaka 1768, iliacha kuchapa vitabu mwaka 2012. Lakini MIT haikukosa wanafunzi. Hadi leo watu wanagombea nafasi na kulipa. Maandishi yalitolewa bure, ila mwalimu anayekaa na kazi yako akakuonyesha ulipokosea hakutolewa. Huyo ndiye anayelipiwa.

Ukitaka kuona thamani yake, mwondoe. Mwaka 2012 MIT na Harvard walianzisha edX, kozi za maprofesa wakubwa kwa yeyote mwenye intaneti. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2019 ulionyesha kwamba mwaka wa masomo 2017/18 waliomaliza kozi hizo walikuwa kama 3 tu katika kila 100 waliojiandikisha. Video zilikuwa safi, walimu mahiri, lakini aliyekwama usiku wa manane alikwama peke yake. Kule Kenya, Eneza Education walikwenda njia nyingine: masomo kwa ujumbe mfupi, kwenye simu ya kitochi, na mwanafunzi akitatizwa aliuliza swali na mwalimu wa kweli akamjibu. Hapo naona biashara yenye mizizi, ingawa haina picha za kupendeza.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Mnafundisha msichokifanya. Siku hizi akili mnemba inamwandikia mtu kitabu cha ufugaji wa kuku kabla chai haijapoa, naye anakiuza kesho yake kwa jina la mtaalamu. Mnunuzi ni mama aliyeweka akiba kwa kuuza maandazi. Anajenga banda, ananunua vifaranga wa kienyeji, anafuata kitabu. Kitabu kimetaja chanjo ya mdondo kwa mstari mmoja. Hakikumwambia kwamba ile ya matone ya jicho hurudiwa kila baada ya miezi 3, wala kwamba kuku anayeonekana ameanza kuugua amechelewa. Mdondo ukipita bandani, asubuhi anaokota mizoga. Anapiga simu kwa mwalimu wake, na namba haipatikani. Mnakumbuka kware wa Kenya, mwaka 2013 na 2014? Mayai yalisifiwa kuwa dawa, watu wakakimbilia kufuga, soko likafurika, bei ikaporomoka. Wafugaji walibaki na ndege wasio na mnunuzi, na kila aliyewahimiza bila kulijua soko alikuwa na sehemu yake katika hasara ile.

Fundisha ulichokifanya kikakutoa jasho. Kama umefuga kwa misimu miwili, sema misimu miwili, hakuna atakayekudharau. Ulichochukua kwa mwingine mtaje, na ukitaka kuuza notsi zake muombe ruhusa, kwani Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na mwalimu aliyeziandika notsi hizo naye ana watoto wa kusomesha.

Na msiweke riziki yote kwenye jukwaa la mwenzenu. YouTube haikugawii pesa za matangazo ya video mpaka ufikishe wafuatiliaji 1,000 na kiwango cha kutazamwa walichokiweka, na masharti hayo wao ndio wanaoyapanga na kuyapangua. Akaunti ikifungwa, wanafunzi wako utawatafutia wapi? Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika majina ya wanafunzi wako, namba zao, wamefika wapi, wamekwama wapi. Daftari hilo ulilinde: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kumpa mfanyabiashara mwingine namba za watu waliokuamini bila ridhaa yao ni kuwasaliti hata kabla sheria haijakugusa.

Kabla ya kutangaza kozi mpya, wapigieni wale walionunua ile ya mwanzo. Waulizeni kama kuku wapo hai, kama mtoto amefaulu mtihani, kama cherehani inashona. Aliyeshindwa mfundisheni tena, wala msimtoze.