Je, Ni Haki Kubadili Jaribio la Dawa Kabla ya Mwisho Wake?

Wazee hufundisha ya kuwa kazi iliyoanzwa yapasa kumalizwa, na neno lililokubaliwa halibadilishwi njiani. Fundisho hilo ni jema. Walakini katika kujaribu dawa mpya, kushika mpango mpaka mwisho kwaweza kuwa kosa, na kuubadili kwaweza kuwa wajibu.

Mfano u karibu. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa ya kuwa Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini. Hapakuwa na dawa iliyothibitishwa. Mwezi wa Novemba mwaka uleule, Profesa Jean-Jacques Muyembe na waganga wenzake, wa Kongo na wa ng'ambo, walianza jaribio lililoitwa Pamoja Tulinde Maisha, huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Wagonjwa wote walitunzwa vema. Kisha kila mmoja alipewa kwa kura dawa moja: ZMapp, remdesivir au mAb114. Hiyo ya mwisho asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Baadaye, kazi ikiwa inaendelea, dawa ya nne, REGN-EB3, iliongezwa.

Kwa nini kura? Kwa sababu hakuna aliyejua dawa iliyo bora. Mganga akichagua mwenyewe, aweza kuwapa wenye nguvu dawa aipendayo, halafu aisifu dawa kwa kazi ya nguvu zao. Kura haina rafiki wala ndugu. Ni ya haki maadamu kutojua ni kwa kweli. Siku ujuzi unapofika, kura inageuka dhuluma, maana ni kumpa mtu dawa dhaifu kwa kusudi.

Lakini ujuzi umefika siku gani? Mkulima ajaribuye mbegu mbili hungoja mavuno, kwa kuwa mbegu ikioza hailii. Mgonjwa ana mama anayemngoja nje ya uzio. Hata hivyo haraka nayo ina hatari. Wagonjwa watano wa kwanza wakipona, labda ni bahati tu. Anayeamua mapema mno aweza kuitupa dawa njema, na kuwadhulumu watakaougua kesho.

Waganga wale walijilinda kwa njia tatu. Kwanza, kipimo cha kusimamisha jaribio kiliwekwa mbele, wala hakikutungwa baada ya kuona hesabu. Pili, hesabu zilichunguzwa na kamati iliyo huru. Tatu, dawa ya nne ililinganishwa tu na wagonjwa wa ZMapp walioingia wakati uleule.

Tarehe 9 Agosti 2019 kamati ilitazama hesabu za wagonjwa 499. REGN-EB3 ilikuwa imefikia kipimo, na mAb114 ikiifuata karibu. Kamati ikashauri ZMapp na remdesivir ziachwe. Walikuwa wameingia wagonjwa 681, na mpango ulitaka 725. Hao waliobaki hawakungojwa. Mwishoni ilionekana ya kuwa kwa dawa mbili zilizoachwa walikufa kama nusu ya wagonjwa. Kwa zile nyingine, kama theluthi moja.

Mtu atauliza: Je, waliokufa kwa kupata dawa dhaifu walidhulumiwa? Hawakudanganywa, kwani hakuna aliyejua. Lakini wanaopona leo wana deni kwao. Naye ambaye angejua, akanyamaza ili kutimiza idadi, huyo angekuwa na hatia.

Basi, kubadili huko si kuvunja ahadi. Ahadi ya kwanza ilifanywa kwa mgonjwa, si kwa karatasi ya mpango.

Maswali ya kufikiri

1. Kura ni ya haki wakati gani, na inaacha kuwa haki wakati gani?
2. Kwa nini kipimo huwekwa kabla ya kuona hesabu?
3. Ni mpango gani kijijini unaoshikwa ingawa wote wanajua ya kuwa unawaumiza watu?