Ukweli Unaochekwa

Katika tamthilia ya King Lear, watu watatu wanamwambia mfalme jambo lile lile: kwamba amekosea. Wa kwanza ni Cordelia, binti yake mdogo, anayekataa kumsifu baba yake hadharani ili agawiwe sehemu ya ufalme. Wa pili ni Kent, mtumishi wake mwaminifu, anayesimama mbele ya baraza zima kumtetea binti huyo. Wa tatu ni mchekeshaji wa kasri, ambaye Shakespeare hakumpa hata jina. Anamwita Mjinga tu. Cordelia anakanwa na kunyimwa urithi. Kent anafukuzwa nchini. Mjinga anatishiwa kiboko, kisha anaachwa aendelee kuongea.

Wengi wetu tumefundishwa kumpenda huyu wa tatu. Tunaambiwa kwamba ndiye mwenye hekima kuliko wote kasrini, kwa sababu hana cha kupoteza na anamwambia mfalme usoni kuwa amegawa kila kitu akabaki mtupu. Nami nampenda. Lakini kila ninapoirudia tamthilia hii kwa ajili ya masomo yangu ya uzamili, swali moja linanisumbua. Kama ukweli ulikuwa ule ule, kwa nini yeye hakufukuzwa?

Nadhani ni kwa sababu ukweli wake haukumgharimu mfalme chochote. Maneno ya Cordelia yalidai jibu: ama baba akubali kwamba upendo haupimwi kwa hotuba, ama amkane mwanawe. Dada zake wawili walilijua hilo, wakafanya kazi ambayo leo tungesema ni ya chawa, wakalipwa ardhi. Maneno ya Mjinga hayadai kitu. Yanakuja yamevaa wimbo na kitendawili. Mfalme anaweza kucheka, kukasirika kidogo, kisha akaomba mengine. Soma tendo la kwanza uone: Lear anayasikia yote, na hakuna anachobadilisha.

Mambo haya hayakuwa ya jukwaani tu. Tamthilia hiyo ilichezwa mbele ya Mfalme James wa Kwanza katika kasri la Whitehall, tarehe 26 Desemba 1606. James mwenyewe alikuwa na mchekeshaji wake, Archibald Armstrong, aliyekuja kumtumikia pia mwanawe, Charles wa Kwanza. Kwa miaka mingi Archy aliwadhihaki wakubwa, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kisha mwaka 1637 Waskoti wakachachamaa kwa sababu ya kitabu kipya cha sala walicholazimishwa kukitumia, na Archy akamkejeli Askofu Mkuu William Laud, mmoja wa waliosukuma mpango huo. Safari hii wakubwa hawakucheka. Mwaka 1638 iliamriwa avuliwe koti lake la kazi na kufukuzwa kasrini. Koti ndilo lililokuwa ruhusa. Alipogusa kidonda chenyewe, waliompa ruhusa wakaichukua.

Sisi Watanzania hatuna wachekeshaji wa wafalme, ila tuna utani. Wahehe na Wangoni walipigana vikali katika karne ya 19. Leo wajukuu wao ni watani, na mtani anaweza kukwambia maneno ambayo mwingine akiyasema mtashikana mashati. Msibani ndipo utani unapoonekana waziwazi. Kwenye msiba wa bibi yangu, mtani mmoja alijifunga khanga ya marehemu, akaketi barazani kwenye kiti chake na kuanza kuwaita wanawe wa kiume mmoja mmoja, akiwauliza kama barabara ya kuja kijijini imefunguliwa leo. Watu walicheka hadi machozi. Baba zangu, wakubwa na wadogo, nao walicheka, wakatoa noti mifukoni na kumtunza.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, shangazi yangu, aliyemuuguza bibi kwa miaka minne, alikuwa amesema jambo lile lile kwenye kikao cha ukoo, bila utani. Aliambiwa hana adabu, na kwamba mwanamke aliyeolewa hapangi mambo ya kwao.

Siudharau utani. Mtani yule yule alishika jembe kuchimba kaburi, na vichekesho vyake vilituwezesha kupumua siku ambayo kupumua kulikuwa kazi. Pengine pia bila yeye neno lile lisingetajwa kabisa mbele ya jeneza. Lakini niliziangalia zile noti nikaona zinafanya kazi ya risiti: tumesikia, tumelipa, yameisha.

Kwa hiyo swali langu si tena kama mjinga ana hekima. Ni nani anayeamua kwamba huyu ni mjinga, na anapata nini kwa uamuzi huo?

Cervantes aliligusa swali hili katika sehemu ya pili ya Don Quixote, iliyotoka mwaka 1615. Humo mna mtawala mmoja na mkewe, wenye cheo, mali na muda mwingi wa kupoteza. Wanamkaribisha Don Quixote na mtumishi wake Sancho Panza nyumbani kwao ili wawacheke. Mzaha mkubwa kuliko yote ni kumpa Sancho, mkulima asiyejua kusoma, mji autawale. Wanasubiri aaibike. Sancho anaketi kwenye kiti cha hukumu, na wazee wawili wanakuja mbele yake. Mmoja anadai alimkopesha mwenzake sarafu kumi za dhahabu. Mdaiwa anamkabidhi mdai fimbo yake amshikie, anaapa kwamba pesa ameshazirudisha mkononi mwa mwenyewe, kisha anachukua fimbo yake aondoke. Sancho anawaza kidogo, anaamuru fimbo ivunjwe. Sarafu zote zimo ndani.

Msomaji aliyekulia kwenye hadithi za Abunuwasi atatabasamu hapo. Ila tazama kilichotokea baadaye. Sancho anaendelea kuhukumu kwa haki, na wenye nyumba hawaachi kucheka. Wanamtungia vita vya uongo mpaka anachoka, anampanda punda wake na kuondoka. Kwao Sancho hakuwa mjinga kwa sababu ya jambo lolote alilolifanya. Alikuwa mjinga kwa sababu ya mahali walipomweka, na hakuna hukumu nzuri ambayo ingemtoa pale. Msimulizi mwenyewe anafikia kusema kwamba waliocheka hawakuwa mbali na upumbavu wa waliochekwa.

Neno letu lina historia inayofanana na hiyo. Katika mwambao wetu wa karne ya 19, mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara aliitwa mjinga. Mtu huyo alikuwa na lugha yake, mizimu yake, pengine na ufundi wa kufua chuma. Hakuyajua mambo ya pwani, basi. Kuna methali tunayoirudia tangu shule ya msingi: mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Huwa tunaisoma kama himizo kwa mjinga. Mimi naona inamfichua zaidi mwerevu. Kama kuerevuka kwa mwenzako kunakutia mashakani, basi ujinga wake ulikuwa unakulisha.

Nikiwa na methali hiyo kichwani, narudi kwa Lear. Katika tendo la tatu yuko nje kwenye dhoruba. Binti wale wawili wamemfungia milango, na akili yake imeanza kuyumba. Hapo anamgeukia Mjinga na kumuuliza kama anasikia baridi. Baadaye kidogo, mbele ya kibanda, anamwambia atangulie yeye kuingia. Na hapo hapo, kwa mara ya kwanza, anaanza kuwawaza maskini wasio na nguo wala paa, na anakiri kwamba alipokuwa mfalme hakuwajali.

Kwa muda mrefu nilidhani vichekesho ndivyo vilivyomfungua macho. Sasa sidhani hivyo. Vichekesho alivisikia tangu mwanzo na havikumtoa hatua moja. Alianza kuelewa pale alipoona kwamba aliyekuwa akimchekesha ana mwili, na mwili huo unatetemeka. Muda si mrefu Mjinga anatoweka katika tamthilia bila kuagwa, na wasomaji wamekuwa wakibishana kuhusu sababu yake hadi leo. Kwangu mimi, kuulizwa kuhusu baridi kulitosha kummaliza kama Mjinga. Alikuwa amegeuka mtu.

Sisemi tuache kucheka. Tunatumiana video za wachekeshaji wanaosema yale ambayo hotuba hazisemi, na ni heri zisemwe. Ila kicheko kinaweza kuwa namna ya kuupokea ukweli huku tukimwacha aliyeusema nje kwenye mvua. Baba zangu bado wanasimulia kituko cha mtani yule kila wakikutana, na wanakisimulia vizuri. Shangazi huwa jikoni wakati huo, na sijasikia yeyote kati yao akimuuliza ile miaka minne ilikuwaje.