Kusikia na Kusikilizana

Wahenga walinena kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hizi twazifundisha kila mwaka, nasi aghalabu hatukumbuki kwamba zamlaumu asiyesikia kana kwamba amekataa kusikia. Je, yule ambaye masikio yake yamechoka tu, naye tumlaumu?

Tuchukue mfano wa mzee mkazi wa Kajaga, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye barabara iendayo Gatumba. Amepata kifaa cha kusaidia kusikia, na jamaa zake wanafurahi: "Sasa Babu atasikia." Naam, atasikia, lakini ataelewa? Kirundi hukusanya maana zote mbili katika kitenzi kimoja, kwumva. Kiswahili huzitenga, na tofauti hiyo ndiyo atakayokutana nayo mzee wetu.

Usikivu wa uzeeni aghalabu huanza kupungua katika sauti nyembamba. Vokali, zenye nguvu, hubaki. Konsonanti kama s, f na t hufifia. Hivyo mzee husikia kwamba neno limesemwa, ila hajui kama ni taa au saa. Kifaa huzikuza sauti hizo, na mahali penye utulivu, mtu mmoja akisema, manufaa yake ni makubwa. Lakini hukuza pia ngurumo za malori, wala hakiponyi sikio la ndani lililokwisha kuharibika. Tena ubongo huhitaji majuma, pengine miezi, kuzizoea sauti ulizokuwa umezisahau.

Hapo ndipo lizukapo swali la wajibu. Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji msaada kwa ajili ya upungufu wa kusikia, na wengi wao wamo katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Je, aliyebahatika kupata kifaa abebe peke yake mzigo wa kuelewa? La hasha. Kumpigia kelele si kumsaidia, maana kelele huvuruga matamshi. Yatupasa kumkabili auone mdomo wetu, tuseme taratibu, mmoja baada ya mwingine. Na anapouliza mara ya pili, tusimjibu kamwe, "Basi, si kitu." Jibu hilo humtoa barazani ilhali bado ameketi.

Kiswahili kina neno jingine: kusikilizana, yaani kupatana. Ni kauli ya kutendana; hapana awezaye kuitenda peke yake. Kifaa huleta sauti. Yaliyobaki ni juu yetu sote.